Buu Hana Kichwa

Tuanze na mwili wake, kwa sababu ndio uliotuchanganya sote. Buu wa nzi wa matunda hana kichwa. Hana macho, hana miguu, hana mabawa. Ni kimfuko cheupe chenye ncha nyembamba mbele na kitako butu nyuma, mfano wa punje ya wali iliyoamua kutembea. Kwenye ncha kuna kulabu mbili nyeusi za kukwangulia nyama ya tunda. Kitakoni kuna vidoa viwili vya kahawia ambavyo ukivitazama mbiombio utaapa ni macho. Si macho, ni matundu ya kupumulia. Mdudu huyu huzamisha mdomo ndani ya embe na kuvuta hewa kwa nyuma, ili asilazimike kuacha kula hata kidogo.

Nairobi ukimkuta kwenye embe unafanya lile ambalo kila mtu hufanya: unapiga kelele, unapiga picha, unatupa embe. Wachache hukata sehemu mbovu na kula iliyobaki, wakisema ni protini. Hakuna anayeuliza jina. Mjini wote ni minyoo, na stori imeisha.

Kwa shosho yangu, karibu na Karurumo, kaunti ya Embu, jina lilikuwa na uzito. Likitoka jina moja, miembe 38 ingekatwa. Likitoka lingine, ingebaki.

*

Miembe hiyo ilipandwa na babu yangu, ambaye nimepewa jina lake, na ndiyo maana shosho hunipigia simu akiniita “mzee wangu”. Mingi ni ya Apple, sita ni ya Ngowe, na michache ni ya Kent ambayo babu aliipandikiza kwa mkono wake. Ukitoka Runyenjes kuelekea Karurumo unashuka, joto linapanda, chai inabaki nyuma yako kule juu, na maembe yanaanza. Ndiyo iliyosomesha baba na wadogo zake. Mimi ilinifikisha mwaka wa tatu chuo kikuu, kisha ikachoka.

Msimu ambao broka alipasua maembe matano, akachungulia ndani, akapanda pikapu yake na kwenda bila kununua hata kreti moja, ndio msimu ambao jina langu halikuwa kwenye orodha ya wanaofanya mtihani. Karo ni karo. Nilibeba godoro langu, nikarudi, na tangu hapo nimekuwa mwandishi wa kujitegemea, yaani mtu anayelipwa kwa hesabu ya maneno na watu ambao hajawahi kuwaona. Kwangu mimi, funza na karo ni hadithi moja.

Hatukuwa peke yetu. Mwaka wa 2014 Kenya ilijizuia yenyewe kupeleka maembe katika soko la Umoja wa Ulaya kwa sababu ya nzi wa matunda, na ikakaa hivyo mpaka 2021. Sheria ya biashara hiyo ni kali na haina huruma ya “amekuwa mmoja tu”. Buu mmoja hai ndani ya embe moja anatosha kukataliwa kwa shehena. Maembe ya shosho hayakuwa yakienda Ulaya, lakini soko ni kama maji ya mfereji: ukiziba juu, yanatapakaa kila mahali. Maembe yaliyokosa ndege yalishuka sokoni yakagombania mabroka walewale na yetu.

Anko wangu, mdogo wa baba, alikuwa ameshachoka kungoja. Yeye alitaka muguka. Kwa wasiotoka upande huu, muguka ni majani ya kutafuna, ndugu wa miraa ya Meru, na Mbeere yote inajua kwamba mmea huo hauulizi msimu. Unachuma leo, unalipwa leo. Embe unalisubiri mwaka mzima, halafu linakuletea wadudu.

“Hawa wadudu wako ndani ya mti wenyewe,” anko alisema jioni moja, akiwa ameshika nusu embe kwenye kiganja. “Angalia ganda. Liko na shimo? Haliko na shimo. Sasa wameingilia wapi? Mti unazaa embe na mnyoo pamoja. Huo ni ugonjwa wa damu, na dawa yake ni panga.”

Shosho hakumjibu. Alichukua lile embe, akaligeuzageuza, akaniangalia mimi.

“Wewe si unaandika mambo ya watu wa nje? Andika na hili.”

*

Bahati ilikuwa imeshaingia kwenye barua pepe yangu wiki hiyohiyo, na wala sikuiita bahati wakati huo. Mteja mmoja wa ng'ambo alitaka maneno 1,200 kuhusu namna ya kutambua mabuu ya nzi wa matunda wa kitropiki. Lugha rahisi, vichwa vidogo vya habari, hatua kwa hatua. Malipo yangenunua bando la mwezi na unga. Nilikubali kabla sijamaliza kusoma maelekezo.

Hoja ya anko ilikuwa nzuri kuliko alivyodhani, na ndiyo iliyonipa pa kuanzia. Yuko kweli mdudu anayeishi ndani kabisa ya embe bila mlango unaoonekana. Ni fukusi wa kokwa. Jike lake hutaga juu ya embe changa; kinda likianguliwa hutoboa hadi kwenye kokwa, na tunda linapokua ganda hujifunga nyuma yake kama maji. Ukikata embe la namna hiyo nyama inaweza kuwa safi kabisa, na mwenye nyumba amekaa kwenye mbegu. Lakini buu wa fukusi ana kichwa. Cha kahawia, kigumu, kinachoonekana bila miwani, na mwili wake umejikunja kidogo kama herufi C.

Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza mnyoo yeyote kwenye tunda ni hili: una kichwa? Akiwa nacho, na pia ana vijiguu, huyo ni kiwavi, mtoto wa nondo. Akiwa na kichwa bila miguu, na umemtoa kwenye kokwa, mshuku fukusi. Akiwa hana kichwa wala miguu, huyo ni mtoto wa nzi.

Swali la pili: nzi yupi? Embe likioza chini ya mti, wale vijinzi wadogo wanaozunguka ndizi zilizoiva jikoni nao hutaga humo. Watoto wao pia hawana kichwa. Lakini wao ni wadogo zaidi, na matundu yao ya nyuma yamesimama juu ya kijishina, kama bomba la moshi. Wa kwetu matundu yake yamelala usawa wa ngozi. Halafu kuna dalili moja ambayo haihitaji lenzi yoyote. Buu wa nzi wa matunda akishakomaa anaruka. Anajikunja mpaka mdomo unakutana na kitako, anajikaza, anajiachilia, na unamwona hewani. Mpwa wangu wa miaka saba ndiye aliyegundua hilo kwenye sahani ya shosho. Tulimtafuta mrukaji huyo chini ya meza robo saa nzima.

Kwa hiyo siku ya kwanza tu nilijua familia yake. Si fukusi, si kiwavi, si kijinzi cha ndizi. Nilidhani kazi imebaki kidogo.

*

Hapo ndipo mambo yalipokataa. Familia hiyo ina watu wengi, na mabuu wao wanafanana vibaya sana.

Wataalamu humtambua buu katika hatua yake ya tatu, ya mwisho, akiwa na urefu wa milimita 7 hadi 11 hivi, kwa sababu zile mbili za kwanza ni ndogo mno na hazijakamilika. Humtia kwanza kwenye maji yaliyotoka kuchemka, ili asigeuke mweusi, kisha kwenye spiriti. Baada ya hapo wanamweka chini ya hadubini na kuhesabu. Karibu na mdomo kuna matundu mengine mawili ya kupumulia yaliyopangwa kama vidole vya glavu, wanahesabu vidole. Kuna mikunjo midogo kuzunguka mdomo, wanahesabu mikunjo. Kuna nyufa tatu kwenye kila tundu la nyuma; wanapima nyufa.

Na wakishahesabu, mara nyingi hesabu zinapishana. Aina moja ina vidole tisa hadi kumi na kitu, nyingine ina saba hadi kumi na moja. Ukipata kumi, umepata nini? Mwaka wa 1992 White na Elson-Harris walitoa kitabu kinene kuhusu nzi wa matunda wenye madhara ya kiuchumi duniani, na mpaka leo watu wanakirejelea. Mwaka wa 2015 Gary Steck wa Marekani na Sunday Ekesi wa icipe, kile kituo cha utafiti wa wadudu kilichoko Kasarani, walichapisha maelezo ya mabuu wa aina nne tu za nzi wa Kiafrika walio ndugu wa karibu. Aina nne, na kazi yote hiyo. Ukitaka uhakika wa haraka, unapima vinasaba. Mimi nilikuwa na simu yenye kioo kilichopasuka na kilenzi cha kubana nilichonunua Luthuli Avenue. Kupitia kilenzi hicho niliona vidoa viwili vya nyuma vizuri sana. Vidole sikuona hata kimoja.

Nikiwa katika hali hiyo nilisoma ushauri ambao unarudiwa karibu kila mahali, umeandikwa kwa lugha kavu bila hisia zozote: njia ya kuaminika zaidi kwa asiye mtaalamu ni kumlea buu mpaka awe nzi kamili. Ukimkuta katika umbo hili, usimpe jina bado. Mpe chakula, mpe mchanga, mpe muda.

Nakubali kwamba nilisoma sentensi hiyo mara kadhaa. Ukiacha chuo mwaka wa tatu, kila harusi, kila mazishi, kila foleni ya chai kanisani, kuna mjomba au shangazi anayekuuliza uko mwaka gani siku hizi. Hawana nia mbaya. Wanataka tu kujua wakuandike kwenye safu gani. Mimi nilipenda kwamba kuna watu wenye shahada tatu tatu ambao kazi yao ni kutambua, na ushauri wao kuhusu kiumbe ambacho hakijaisha kukua ni kungoja.

*

Malezi yenyewe ni rahisi na yananuka. Nilichukua ndoo mbili za rangi, nikaweka mchanga mkavu uliochekechwa, kina cha vidole viwili. Juu yake nikapanga maembe mabovu juu ya vijiti ili maji yanayotoka yasiloweshe mchanga mno. Mdomo wa ndoo niliufunga kwa kipande cha chandarua kuukuu na mpira. Nikaziweka kibandani penye kivuli, mbali na sisimizi.

Ndoo ya tatu ilikuwa ya mama. Yeye kwao ni Meru, upande wa Nkubu, juu zaidi, penye baridi na kahawa. Nilimwomba anitumie kwa matatu kopo la kahawa mbivu za mwisho wa msimu zilizobaki mtini.

“Kahawa ya nini?” aliniuliza kwa simu.

“Nataka kuona kama iko na wadudu.”

“Si iko nao siku zote. Wanakula ile sehemu tamu, buni hawagusi. Nani atahangaika na hao?”

Hiyo ndiyo tofauti ambayo vitabu huiita mdudu na mdudu mharibifu. Ni suala la nani analipwa kwa sehemu gani ya tunda.

Siku ya nne mabuu wa Karurumo walianza kutoka na kujitupa kwenye mchanga. Siku ya saba nilichekecha kidogo, nikapata vibundo, vijipipa vya kahawia vyenye urefu wa milimita nne au tano, vigumu, vimekaa kimya. Hivi ndivyo vinavyolala chini ya miembe yote tunayotembea chini yake. Anayedondosha embe bovu shambani na kuliacha hapo amepanda mbegu. Siku kumi na kitu baadaye, asubuhi, shosho aliniita kwa sauti ya mtu aliyeona nyoka.

Chini ya chandarua walikuwa wanatembea nzi kumi na mmoja.

Hata hapo unangoja. Nzi aliyetoka leo ana rangi za kupauka, na mtu anaweza kumpa jina lisilo lake. Unampa sukari na maji siku tatu nne, rangi zinakaza. Nilifanya hivyo. Walipokuwa tayari walikuwa wadudu wazuri, sitasema uongo: wanene kidogo kuliko nzi wa nyumbani kwa namna ya nyigu, mgongo mweusi wa kahawia wenye mistari miwili ya manjano pembeni, mabawa maangavu yenye ukingo mwembamba mweusi, na juu ya tumbo alama nyeusi ya herufi T. Majike wana mkia mkali. Huo mkia ndio jibu la swali la anko. Jike hutoboa ganda, huingiza mayai chini yake, na kitobo kinachobaki ni kidogo mno kwa macho ya mtu aliyekasirika.

Kahawa ya mama ilitoa nzi tofauti kabisa: wadogo, mabawa yamechorwa madoa ya manjano na kahawia kama kitenge, mgongo una mabaka meusi yanayong'aa. Hao ni kundi la Ceratitis, wenyeji wa Afrika. Nikiwaweka mabuu wa ndoo mbili kwenye kisahani kimoja sikuweza kuwatenga. Nikiwaweka nzi wao kwenye chupa moja, mpwa wangu wa miaka saba aliwatenga.

*

Nzi mwenye T anaitwa Bactrocera dorsalis, na historia ya jina lake ni ndefu kuliko maisha yake. Alionekana Kenya mara ya kwanza mwaka wa 2003, Pwani, kwenye maembe. Mwaka huohuo alionekana Tanzania, na haikuchukua muda kabla ya kuenea sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara. Asili yake ni Asia. Mwaka wa 2005 wanasayansi waliamua kwamba ni aina mpya na kumwita Bactrocera invadens, kwa Kilatini yaani mvamizi. Miaka kumi akaishi na jina hilo. Mwaka wa 2015 watafiti wa nchi nyingi walilinganisha maumbile, vinasaba na hata tabia za kujamiiana, wakafika mahali pamoja: huyu si mpya. Ni yuleyule nzi wa Asia ambaye alikuwa ameshaingia Hawaii tangu miaka ya 1940. Jina la mvamizi likafutwa. Uvamizi ukabaki.

Kabla yake maembe ya Kenya yalikuwa na nzi wao, Ceratitis cosyra, mwenyeji. Ekesi na wenzake walionyesha mwaka wa 2009 kwamba mgeni alikuwa akimsukuma mwenyeji nje ya embe. Watoto wake wanashinda ndani ya tunda, na wazazi wake wanawafukuza wengine juu ya ganda. Na tusijifanye watakatifu. Ndugu mmoja wa wale nzi wa kahawa ya mama, Ceratitis capitata, alitoka Afrika zamani akaenda Bahari ya Kati, Hawaii, na California, ambako mwaka wa 1981 helikopta zilinyunyiza sumu juu ya nyumba za watu usiku kwa ajili yake. Kila bara lina mtoto wake aliyekwenda kuharibu kwa jirani.

Nilimwonyesha anko chupa. Aliitazama muda mrefu kwenye mwanga wa mlango.

“Huyu ndiye anatoka kwa embe?”

“Huyu ndiye anaingia kwa embe.”

“Anatoka wapi?”

“Kwa shamba la jirani. Kwa mapera ya pale mtoni. Kwa haya yameanguka hapa chini.”

Shosho alikuwa amekaa kwenye kigoda chake akisikiliza. “Kwa hiyo mti hauna makosa,” akasema.

*

Ningependa kukuambia kwamba jina lilimaliza ugomvi. Jina lilibadilisha tu ugomvi kuwa wa aina inayoweza kuzungumziwa.

La kwanza lilikuwa dawa. Miaka yote shosho alikuwa akinunua chupa agroveti, anajaza pampu ya mgongoni, anapiga mti mzima mpaka majani yanadondosha, kisha anakohoa siku mbili. Buu yuko ndani ya nyama ya embe. Bundo liko ndani ya udongo. Dawa ilikuwa inawapata nyuki, shosho, na mimi niliyekuwa nikila maembe hayo. Anayefikika ni nzi mkubwa, na njia za kumfikia zilikuwa zimeshajaribiwa hapahapa kwetu. icipe walifanya kazi na wakulima wa Embu na wa Meru kwa miaka, na utafiti mmoja uliochapishwa 2015 ulionyesha kwamba wakulima wa Embu waliotumia kifurushi chao waliona maembe yanayokataliwa yakipungua kwa zaidi ya nusu. Hiyo ni barabara ileile ya kwa shosho. Sisi ndio tulikuwa hatujaisikia.

Kifurushi chenyewe hakina maajabu. Mitego yenye harufu inayoita madume, kwa sababu jike asiyepata dume hutaga mayai yasiyoanguliwa. Chambo cha protini, ambacho hutengenezwa hata kwa masalia ya hamira ya kiwanda cha bia, kinachopigwa sehemu ndogo tu ya mti. Jike anahitaji protini kabla ya kutaga, anakuja mwenyewe, anakula na sumu. Kuvu wa udongoni wanaoua mabundo. Nyigu wadogo, Fopius arisanus, walioletwa na icipe kutoka Hawaii mwaka wa 2006, ambao hutaga ndani ya mayai ya nzi. Na juu ya yote, usafi: kila embe lililoanguka liokotwe kila siku, lifungwe ndani ya gunia la plastiki la mbolea, liachwe juani mpaka kila kilichomo kife. Kuna pia hema maalumu la kutupia maembe mabovu, lenye wavu uliopimwa: nzi hawezi kutoka, nyigu anapita. Nilipomweleza shosho habari ya hema hilo alicheka mpaka akafuta machozi. Alisema ni kama lango la kanisa fulani.

La pili, gumu zaidi, lilikuwa majirani. Nzi hana hati ya shamba. Ukisafisha miembe 38 na mwenzako akaacha 60 ikidondosha, umesafisha meza ya kulia wageni wake. Shosho alivaa kanga ya kutokea akaenda boma kwa boma na ile chupa yangu mfukoni. Hakubeba karatasi wala maelezo. Alikuwa anaitoa, anaiweka mezani karibu na chai, anasema: huyu ndiye. Wengine walikubali. Wawili walisema watafikiria. Mmoja alishasaini na watu wa muguka.

Na anko? Walikubaliana na shosho mbele ya wazee wawili. Miembe minane ya mpakani, mizee, isiyozaa vizuri, ilikatwa, na hapo leo kuna muguka unaolipa kila wiki. 30 imebaki. Simlaumu. Ana watoto watatu, na mimi ni ushahidi unaotembea kwamba embe peke yake halifikishi mtu mwisho.

Msimu wa kwanza nilipasua maembe 40 nikakuta mabuu katika 22. Msimu uliofuata, baada ya magunia na mitego na kuinama sana, nilipasua 40 nikakuta katika 9. Si hesabu ya kuchapishwa popote. Ni shamba moja, kisu kimoja. Lakini broka alipasua matano yake, hakukuta kitu, akanunua. Alinunua kwa bei yake, siyo yetu, maana hilo ni buu jingine na bado hatujapata dawa yake.

*

Makala ya mteja niliimaliza kwa wakati. Kwenye aya ya mwisho niliandika kwamba msomaji akitaka kuwa na hakika kweli, amlee buu mpaka apate mabawa. Mhariri aliifuta. Alisema wasomaji wanataka jibu katika dakika tano, wasipewe kazi ya wiki tatu. Alilipa vizuri, sina neno. Aya ile nimeileta hapa.

Ndoo bado ziko kibandani. Zimekuwa kama ofisi. Mwezi uliopita binti wa jirani, wa darasa la sita, alikuja na kikombe cha plastiki kilichofunikwa kwa karatasi. Ndani kulikuwa na kipande cha avokado na kitu cha rangi ya waridi kikijivuta taratibu. Alisema mama yake amesema ni wale wale wa maembe, na kwamba mimi ndiye mtu wa wadudu.

Nilikisogeza kikombe kwenye mwanga. Tulitazama wote wawili.

“Umeona nini?” nikamuuliza.

Alifikiria. “Huyu ana kichwa.”

“Na miguu?”

“Ana miguu. Midogo midogo.”

“Basi si wa kwetu,” nikamwambia. “Lete mchanga.”